TUMBO KUBWA SI HUKUMU
Namna ekografi inavyotenga uvimbe mpole na uvimbe mkali wa ovari



Katika namba hii sisi wa seksio ya Biokimia tumechagua neno ambalo wengi wanaona haya kulitaja mbele ya watu. Haya hiyo ndiyo imetusukuma kuandika. Tunajua sote namna mambo yanavyokwenda. Tumbo la binti likianza kuvimba, midomo haingojei munganga. Mmoja anasema: «Ule iko na mimba.» Mwingine anasema: «Bamemuloga kwao.» Na kama ni mama mwenye miaka 55 ao 60, watasema: «Ile ni kansere, hakuna dawa, mumurudishe tu nyumbani.» Hukumu tatu zimekwisha kutolewa, na hakuna hata moja iliyotoka katika uchunguzi. Wote watatu wameangalia tumbo kwa inje.

Tunataka kuonyesha kwamba kuna njia ya kuangalia kwa ndani, bila kisu, bila sindano, tena bila mionzi ya radiografi. Njia hiyo ni ekografi. Tena tunataka kueleza jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: ukubwa wa uvimbe si ndio unaoonyesha kama ni wa kuua ao hapana. Kinachoonyesha zaidi ni sura yake ya ndani.

1. OVARI NI KITU GANI, NA KWA SABABU GANI INAVIMBA?

Katika masomo ya biolojia tumejifunza kwamba mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa tumbo la uzazi. Ovari ya mwanamke mzima ina urefu wa santimetri 3 hivi, kama lozi kubwa. Ndani yake mna mayai, na kila yai limefungwa katika kifuko kidogo. Kila mwezi kifuko kimoja kinajaa maji na kukua mpaka kufikia santimetri 2 hivi, kisha kinapasuka na yai linatoka.

Basi tazameni: ovari ni kiungo ambacho kazi yake yenyewe ni kutengeneza vifuko vya maji kila mwezi. Mara nyingine kifuko hakipasuki, kinaendelea kukua mpaka santimetri 4 ao 5. Hiyo ndiyo kisti ya kawaida. Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, kisti ya namna hii mara nyingi inaisha yenyewe kwa muda wa miezi miwili ao mitatu, bila dawa yoyote.

Kuna uvimbe mwingine ambao hauishi wenyewe, lakini ni mpole. Mpole maana yake nini? Unakaa mahali pake. Unaweza kukua sana, unaweza kusukuma matumbo na kibofu, lakini hauingii katika viungo vingine na hautumi mbegu zake mbali. Mfano wa ajabu ni ule wenye mafuta, nywele, na hata meno ndani yake. Wazee wakisikia munganga ametoa jino katika tumbo la msichana, wanasema ni ulozi. Hapana! Chembe ya yai ina uwezo wa kutengeneza kila namna ya nyama ya mwili. Ikianza kujenga bila mpango, inatoa ngozi, nywele na meno ovyo ovyo. Uvimbe huu unaonekana sana kwa wasichana na wanawake vijana, na kwa sehemu kubwa kabisa ni mpole.

Uvimbe mkali ndio kansere. Huu haukai mahali pake. Unatoboa ukuta wake, unamwaga chembe zake katika tumbo, na chembe hizo zinashika juu ya matumbo na juu ya ini. Mara nyingi zinaleta maji mengi tumboni. Katika dunia nzima, kwa mwaka wa 2022, walihesabu zaidi ya wanawake 320 000 waliopata kansere ya ovari, na zaidi ya 200 000 waliokufa nayo. Inawapata zaidi wamama waliopita miaka 50, lakini wasichana nao wana namna yao, na kwa bahati nzuri ile ya wasichana mara nyingi inasikia dawa vizuri.

2. SAUTI YENYE KUONA

Sasa tuingie katika fizika. Ukisimama juu ya kilima na kuita kwa nguvu, kilima cha mbele kinakurudishia sauti yako. Ukijua mwendo wa sauti, na ukipima muda mpaka mwangwi urudi, unaweza kujua kilima kiko umbali gani bila kwenda huko. Popo anafanya vile kila usiku.

Ekografi ni hesabu ileile. Katika kile kifaa ambacho munganga anakipitisha juu ya tumbo, tunachokiita sonda, mna kristali. Mwaka wa 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba kristali za namna fulani zikiminywa zinatoa kuranti. Kisha ikahakikishwa kwamba kinyume chake ni kweli pia: zikipewa kuranti zinatetemeka. Kwa hiyo kristali ni mdomo na sikio kwa pamoja: inatoa sauti, inanyamaza, inasikiliza mwangwi.

Sauti hiyo sisi hatuisikii. Sikio la mtu linafika mpaka mitetemo 20 000 kwa sekunde. Sonda ya tumbo inatetemeka mara milioni 3 na nusu hivi kwa sekunde. Ndani ya nyama ya mwili sauti inakwenda metre 1540 kwa sekunde. Gawanyeni: urefu wa wimbi moja ni karibu milimetri 0,44. Ndiyo maana inaweza kuonyesha vitu vidogo. Mkiongeza mitetemo, picha inakuwa safi zaidi, lakini sauti haifiki mbali. Kwa sababu hiyo, kwa mwanamke aliyeolewa na mwenye kukubali, munganga anaweza kutumia sonda nyembamba inayopitia njia ya uzazi, kwa maana kutoka pale ovari iko karibu. Kwa binti ambaye hajajua mume wanapitisha sonda juu ya tumbo, naye anakunywa maji mengi kwanza ili kibofu kijae. Kibofu chenye maji ni kama dirisha: sauti inapita vizuri na kufikia ovari iliyo nyuma.

Zoezi kwa wapenda hesabu: kitu kikiwa na kina cha santimetri 7,7, sauti inakwenda na kurudi, jumla santimetri 15,4. Itachukua muda gani? Jibu: sehemu moja ya 10 000 ya sekunde. Mashini inafanya hesabu hiyo mara nyingi sana, na kila mwangwi inauweka kama nukta kwenye ekrani.

Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo yanaonekana meusi. Nyama inarudisha kiasi, inaonekana kijivu. Mfupa ao jino linarudisha karibu yote, linang’aa meupe, na nyuma yake kunabaki giza, yaani kivuli, kama vile mtu akisimama mbele ya taa. Upepo nao unazuia sauti kabisa. Ndiyo sababu wanapaka ile jeli ya baridi juu ya tumbo: inaondoa upepo kati ya ngozi na sonda. Si dawa, kama wengine wanavyofikiri.

Liko jambo lingine. Mwaka wa 1842 Christian Doppler, mwalimu wa Austria, alieleza kwamba wimbi linabadilika kama kitu kinachoutoa kinatembea. Mmesikia pikipiki ikija mbio: sauti yake ni nyembamba, ikishapita inakuwa nzito. Chembe za damu zinatembea pia. Mashini yenye Doppler inasikia mabadiliko hayo na kuyapaka rangi kwenye ekrani. Hivyo munganga anaona kama uvimbe unapata damu nyingi ao kidogo. Kansere inakula sana, basi mara nyingi inajichimbia mifereji mingi ya damu.

3. PROFESA ALIYEBEBA UVIMBE KATIKA MOTOKARI

Ni nani aliyefikiri kwanza kutumia njia hii kwa uvimbe wa wanawake? Jina lake ni Ian Donald, profesa wa uzazi katika mji wa Glasgow, inchi ya Scotland. Alikuwa ametumika katika jeshi la anga wakati wa vita ya pili ya dunia, na huko alijua habari za radari na za mashini zenye kutafuta vitu chini ya maji kwa njia ya mwangwi.

Karibu na Glasgow, pale Renfrew, kulikuwa kiwanda kikubwa cha Babcock & Wilcox kilichotengeneza mitungi ya mvuke. Wafundi wa kiwanda walikuwa na mashini ya mwangwi ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Katika mwezi wa Julai 1955 Donald alikwenda huko na motokari mbili. Ndani alikuwa amepakia uvimbe uliotoka kupasuliwa hospitalini: uvimbe wa nyama wa tumbo la uzazi, na kisti kubwa ya ovari. Wafundi nao walitafuta kipande kikubwa cha nyama ya ng’ombe, ili wapate kitu cha kulinganisha. Wakapima vyote. Kisti ya maji ilikaa kimya ndani, mwangwi ukarudi kutoka ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma tu. Uvimbe wa nyama ulirudisha mwangwi kutoka ndani mwake. Basi tofauti ilionekana tangu siku ile ya kwanza.

Kisha fundi kijana, Tom Brown, na munganga John MacVicar waliungana naye. Katika miaka ileile ya kwanza walipata mgonjwa ambaye habari yake imebaki katika historia. Ni mama mmoja mwenye tumbo lililovimba sana. Alikuwa amekonda, anatapika, na waganga waliomwona mbele walisema ni kansere ya tumbo la chakula iliyokwisha kuenea, tena maji yamejaa tumboni. Hakukuwa na matumaini. Walipopitisha sonda, picha haikuonyesha maji yaliyotawanyika kati ya matumbo. Ilionyesha mpaka safi: kifuko kimoja kikubwa cha ovari. Wakampasua, wakakitoa. Kilikuwa uvimbe mpole, na yule mama akapona.

Tarehe 7 Juni 1958 watatu hawa walitangaza kazi yao katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet. Tunaomba mulishike neno hili: tumbo lile lilikuwa kubwa kuliko matumbo mengi ya kansere, lakini halikuwa kansere. Aliyehukumiwa kufa kwa sababu ya ukubwa wa tumbo aliokolewa na wale walioangalia sura ya ndani.

4. ALAMA KUMI

Baada ya Donald mashini zilikuwa nzuri zaidi, lakini kulibaki taabu moja. Kila munganga alieleza picha kwa maneno yake mwenyewe. Mmoja aliandika «uvimbe wa mashaka», mwingine aliandika «si mbaya sana», na yule mwenye kupasua hakujua la kufanya. Mwaka wa 1999 waganga wa inchi mbalimbali, pamoja na Dirk Timmerman wa Leuven katika Ubelgiji, Tom Bourne wa London na Lil Valentin wa Malmö katika Sweden, walianzisha kundi la kuchunguza uvimbe wa ovari. Kundi hilo linaitwa IOTA. Kwanza walipatana juu ya maneno. Kisha walikusanya picha nyingi za wagonjwa na kuzilinganisha na jibu la laboratwari baada ya kupasua. Mwaka wa 2008 walitoa kanuni nyepesi zenye alama kumi, tano za upole na tano za ukali.

Alama tano za upole:
a) Uvimbe ni chumba kimoja tu cha maji.
b) Kama kuna kipande cha nyama ndani, hakifiki milimetri 7.
c) Kuna vivuli nyuma ya uvimbe.
d) Uvimbe una vyumba vingi, lakini kuta zake ni laini, hakuna nyama ndani, na upana haufiki santimetri 10.
e) Hakuna damu inayoonekana kwenye rangi ya Doppler.

Alama tano za ukali:
a) Uvimbe ni wa nyama, na umbo lake limeparuzika.
b) Kuna maji yaliyotawanyika tumboni.
c) Kuna vinundu vinne ao zaidi vyenye kuchomoza kutoka ukuta kuelekea ndani.
d) Uvimbe una vyumba vingi pamoja na nyama, hauko laini, na upana wake ni santimetri 10 ao zaidi.
e) Damu ni nyingi sana kwenye rangi.

Namna ya kutumia ni hii. Ukiona alama moja ao zaidi ya ukali, na hakuna ya upole, uvimbe unahesabiwa kuwa mkali. Ukiona alama ya upole, na hakuna ya ukali, unahesabiwa kuwa mpole. Ukiona za pande zote mbili, ao usipoona hata moja, jibu ni: «Hatujui bado.»

Tufanye zoezi kwa wagonjwa watatu wa kufikiriwa tu.

Wa kwanza ni binti wa miaka 19. Ekografi inaonyesha chumba kimoja cha maji, santimetri 6, ukuta laini, hakuna damu. Alama mbili za upole, hakuna ya ukali. Mpole.

Wa pili ni mama wa miaka 58. Uvimbe una santimetri 12, vyumba vingi, nyama iliyoparuzika ndani, maji tumboni, damu nyingi sana. Alama tatu za ukali, hakuna ya upole. Mkali.

Wa tatu ni mama wa miaka 40. Uvimbe una santimetri 8, vyumba vichache, kipande cha nyama cha santimetri 3, damu ya kadiri. Tafuteni katika orodha: haumo upande wa upole, haumo upande wa ukali. Hatujui bado. Huyu sherti atazamwe na munganga mwenye uzoefu zaidi, na kama hayupo, atunzwe kama mtu mwenye mashaka ya kansere mpaka ihakikishwe.

Katika majaribio ya IOTA, kanuni hizi zilitoa jibu kwa karibu robo tatu ya uvimbe wote. Na pale zilipotoa jibu, zilitambua zaidi ya 9 kati ya kansere 10. Robo iliyobaki haikuwa aibu. Munganga anayesema «sijui bado, nakutuma kwa mwenzangu» ni bora kuliko yule anayekisia na kushika kisu.

5. KWA SABABU GANI TOFAUTI HII NI YA LAZIMA?

Mtu atauliza: kama ni uvimbe, si wautoe tu? Kwa nini kuhangaika na alama?

Kwanza, kuna uvimbe ambao hautakiwi kutolewa. Ile kisti ya kawaida ya binti inaisha yenyewe. Kumpasua ni kumtia katika hatari na gharama bila sababu. Jamaa itauza mbuzi ao shamba kwa ajili ya kitu ambacho kingeisha baada ya miezi mitatu. Inatosha kurudi kwa ekografi ya pili.

Pili, uvimbe mpole ukipasuliwa, mara nyingi munganga anaweza kutoa kifuko peke yake na kuacha ovari. Kwa msichana hilo ni jambo kubwa: atazaa watoto wake kesho. Yule anayeogopa kansere bila kuchunguza anaweza kukata ovari nzima, hata zote mbili, bure.

Tatu, kama uvimbe ni mkali, kazi ni nyingine kabisa. Usitobolewe kwa sindano, usipasukie ndani, kwa maana chembe zitamwagika tumboni na ugonjwa uliokuwa mahali pamoja utaenea. Sherti mpasuaji awe mwenye kuzoea kansere, aangalie tumbo lote, na mgonjwa apate dawa za kansere baadaye. Kansere iliyo bado ndani ya ovari peke yake, ikitunzwa vizuri, wagonjwa wengi sana wanapona. Ile iliyokwisha kutawanyika ni vigumu. Basi kosa la upande huu na kosa la upande ule yote yana bei.

6. MASHINI HAIJUI YOTE

Tusiifanye mashini kuwa mungu mdogo. Ekografi inaonyesha sura, haionyeshi chembe. Neno la mwisho linatoka kwa mikroskopi, katika laboratwari inayopima nyama iliyotolewa. Kwa hiyo uvimbe uliotolewa usitupwe katika shimo, hata kama ulionekana mpole.

Tena, kuna magonjwa yenye kudanganya. Kifua kikuu kinaweza kushika tumbo na kuleta maji na vinundu, kikafanana sana na kansere ya ovari. Damu ikipimwa kwa ile alama inayoitwa CA 125, inaweza kupanda katika kansere, lakini pia katika kifua kikuu cha tumbo, katika mimba, hata katika siku za mwezi. Katika inchi yetu, ambamo kifua kikuu kingali kingi, munganga mwenye busara anakumbuka jambo hilo kabla ya kusema neno «kansere».

Na je, wanawake wote wazima wapitishwe ekografi kila mwaka? Uingereza walijaribu. Kati ya mwaka wa 2001 na 2005 waliandikisha wanawake zaidi ya 202 000 wenye miaka 50 mpaka 74. Wengine walipimwa kila mwaka, wengine hawakupimwa. Jibu la mwisho lilitangazwa mwaka wa 2021: kuwapima wale wasio na dalili yoyote hakukupunguza vifo vya kansere ya ovari. Basi ekografi ni ya mtu mwenye dalili ao mwenye uvimbe uliokwisha kuonekana. Si kitu cha kufanya kwa kufuata wengine.

Mwisho, mashini haina macho. Macho ni ya munganga. Leo kuna sonda ndogo za kubeba mfukoni, zinazounganishwa na telefone, na zinaweza kufika hata mahali ambapo kuranti ya mji haifiki. Tunashukuru. Lakini sonda ndogo ikishikwa na mtu asiyefundishwa inatoa picha tu, haitoi jibu. Inchi yetu inahitaji watu wa kusoma zile picha. Kwa nini wasitoke katika madarasa yetu?

7. TUNAWAAMBIA NINI WENZETU?

Kwenu ninyi wasichana: siku zenu zikiharibika kwa miezi, tumbo likikua, likiuma upande mmoja, ao ukishiba upesi na kwenda kukojoa kila saa, usifiche. Mwambie mama, shangazi, ao mlezi wa interna. Na maumivu makali yakikushika ghafula upande mmoja wa chini ya tumbo, pamoja na kutapika, usingoje kesho asubuhi. Huenda ovari yenye uvimbe imejisokota na damu haipiti tena. Hata uvimbe mpole kabisa unaweza kufanya hivyo, na kwa ile ovari kila saa ina bei.

Kwenu ninyi wavulana: acheni kucheka. Yule mnayemwimba kwamba «iko na mimba» huenda amebeba kisti ya santimetri 15 na anaogopa kwenda hospitali kwa sababu ya midomo yenu. Haya inachelewesha watu, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Kwa wazazi na walimu wetu, kwa heshima yote: mtoto akivimba tumbo, apelekwe kwanza kwa munganga, kisha ndipo maneno mengine yafuate. Na bibi zetu wenye miaka 60, tusiwaambie kwamba tumbo ni uzee tu. Wao hasa ndio wanaopaswa kupimwa upesi.

Tunakumbuka nabii Samweli siku ile alipofika nyumbani kwa Yese. Alimwona mwana wa kwanza, mrefu, mwenye sura ya mfalme, akafikiri ndiye. Bwana akamkataza kuhukumu kwa urefu na kwa umbo la inje. Sisi hatuwezi kuona moyo, hilo ni la Mungu peke yake. Lakini Mungu ametupa akili ya kujenga chombo cha kuona angalau ndani ya tumbo. Basi tukitumie kabla ya kufungua mdomo.

Mwenye swali aliandike na kulitia katika sanduku la gazeti, hata bila jina. Tutajibu katika namba inayofuata, na yale tusiyoyaweza tutayapeleka kwa munganga.

Sisi wanafunzi wa seksio ya Biokimia